Maneno Begani mwa Kengele

Ijumaa ile, saa tisa alasiri ilipokaribia, wanaume walivua kofia bila kuambiwa na mtu. Zamani, kabla kiwanda cha kengele hakijafanywa mali ya umma, hiyo ndiyo saa ambayo fundi mkuu alisali kwa sauti mbele ya tanuri, maana ni Ijumaa na ni saa aliyokata roho Yesu, na kengele zote za Brennrode zilimiminwa saa hiyo tangu enzi za mababu wa mababu. Sala ilipigwa marufuku. Kimya hakikupigwa marufuku. Basi walisimama kimya kwa urefu uleule wa sala, kila mmoja akiipima kichwani mwake, wenye kadi ya Chama kinachotawala na wasio nayo, mpaka midomo yote ikaacha kuchezacheza kwa pamoja.

"Haya," akasema mzee Vogt, fundi mkuu. Zamani alikuwa akisema "Kwa jina la Mungu." Siku hizi alisema haya, kwa sauti ileile.

Egon Hessler akautoboa mdomo wa tanuri kwa mtaimbo.

Mkewe, Wiltrud, alikuwa amesimama kando ya ukuta na wanawake wengine. Alikuwa amemshika mkono binti yao Roswitha, ingawa msichana alikuwa na miaka kumi na minne na alikwisha kukataza kushikwa mkono mbele za watu. Wiltrud alikuwa fundi wa herufi wa kiwanda, kama mama yake na bibi yake. Maneno yote yaliyosomwa juu ya kengele za nchi ile yalianza yakiwa nta vidoleni mwake. Alikuwa ameona shaba ikimiminwa tangu hajaota meno, na bado hakuwa amezoea. Wasiojua hudhani itatoka nyekundu. Ilitoka nyeupe, yenye ukijani ukingoni, ikateremka kwenye mfereji taratibu kama maziwa yanavyomiminwa na mtu asiyetaka kumwaga, ikaingia ardhini, katika kalibu iliyofukiwa humo. Kisha ardhi yenyewe ikaanza kunguruma chini ya viatu vyao. Kwenye matundu ya hewa vikatokea vijimoto vya buluu, vikasimama wima, vikicheza.

"Mama," Roswitha alinong'ona, na sasa yeye ndiye aliyekuwa ameukamata mkono wa mama yake kwa nguvu. "Inasema."

"Haijasema bado. Hiyo inapumua."

"Itasema lini?"

"Ikipoa. Ikitaka."

Msichana hakuwahi kuisikia kengele ya mji. Ya zamani ilishushwa kutoka mnara wa ukumbi wakati wa vita, ikayeyushwa kuwa mizinga, na tangu hapo mji ulikuwa ukiamshwa na king'ora cha kiwanda cha viatu. Kanisani kulibaki kikengele kimoja chenye sauti ya sufuria. Sasa Chama kiliamua kwamba Brennrode ipate kengele yake tena, ya wafanyakazi na ya amani, ipigwe kwa mara ya kwanza sikukuu ya Mei Mosi. Ndiyo hiyo iliyokuwa ikipumua chini ya viatu vyao.

Mfereji ulipokauka, mzee Vogt alipangusa uso kwa kofia yake. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitoka nje mmoja mmoja wakitembea kwa uangalifu, kama wanaotoka chumba alimolala mtoto mchanga.

Siku chache baadaye, walipoifukua na kulipasua joho lake, yaani kalibu ya nje ya udongo, ilikuwa nyeusi kama chungu cha zamani. Wakaivuta juu kwa minyororo, wakaimwagia maji, wakaisugua kwa brashi za waya. Kijana wa winchi alikuwa akipiga mluzi. Brashi zilipofika begani, mluzi ukakatika.

"Mzee Vogt," akasema mmoja wao. "Njoo usome hapa."

Mzee akaja, akavaa miwani. Begani, kwa herufi safi zisizo na tundu hata moja, zikikizunguka kichwa chote cha kengele, palikuwa pameandikwa: MWAKA WA BWANA 1958.

Karatasi ya kamati ya Chama ilikuwa imebandikwa ukutani pale pale karakanani tangu majira ya baridi, na kila mtu alikuwa amekula mkate wake akiitazama. Tumboni: NAITA WATU KAZINI, NAITA WATU KWENYE AMANI. Begani: MWAKA 1958 WA ZAMA ZETU. Maneno ya tumboni yalikuwa sawasawa. Wiltrud aliyapanga herufi moja moja, karatasi mbele yake, kwa kuwa yalikuwa mageni. Lakini bega ni bega. Begani huwekwa mwaka, na mwaka huwekwa kwa kibao cha mti wa mpea chenye maneno yote pamoja, kilichochongwa na watu waliokwisha kufa zamani, unakandamiza nta ya moto ndani yake na unautoa ukanda mzima kwa mara moja. Kila kengele ilianzia pale. Alikuwa ameutoa ukanda ule, akaubandika, akaweka tarakimu, huku akizungumza na mwenzake habari za upungufu wa siagi.

Na hakuna aliyeona! Hilo ndilo lililowakalisha chini wote. Walioupaka udongo wa kwanza juu ya nta ile, kwa brashi laini, walipita kila herufi. Nta ilipoyeyuka na kuacha herufi ndani ya udongo, Egon aliliinua joho na wenzake. Mzee Vogt mwenyewe aliingia chini yake na taa, akayasoma maneno kinyumenyume, akatoka na kusema "safi". Yalikuwa mahali pake. Yalikuwa pale siku zote. Nani huhesabu vidole vyake kila asubuhi?

"Jamani," alisema kijana wa winchi, akijaribu kucheka. "Bwana mwenyewe kaamua kuhudhuria Mei Mosi."

Wiltrud alikuja akikausha mikono kwa aproni, akatazama. Kisha likamjia jambo ambalo hakulitarajia, akaona haya kulihisi: maneno yale yalikuwa yametoka vizuri kuliko yoyote aliyowahi kuyaweka. Yalikuwa kama yameota.

"Nani atamwambia Lindner?" akauliza mtu.

Hakukuwa na haja. Ndugu Lindner, katibu wa Chama wa mji, alikuwa akiingia langoni na mpiga picha wa gazeti la wilaya.

Jioni ile katika nyumba ya akina Hessler viazi vilichemka mpaka vikavurugika na hakuna aliyevitoa motoni. Egon alikuwa bado na viatu vya kazini miguuni.

"Mimi mgombea uanachama wa Chama," alisema. "Jina langu liko kwenye kamati wiki ijayo. Mgombea. Na mke wangu anamwandika Bwana kwenye kengele ya wafanyakazi."

"Joho uliliinua wewe, Egon."

"Sisomi kinyumenyume."

"Unasoma. Ulinitongoza kwa maandishi ya kinyumenyume, umesahau?"

Roswitha aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake la historia, akavuta kicheko kikafia puani. Kisha akakumbuka hali, akainama tena. Alikuwa akiandika habari za Wamisri, na baada ya kila mwaka aliweka ufupisho aliofundishwa: kabla ya zama zetu.

"Hizo zama zetu," Wiltrud aliuliza, akivitazama viazi, "zilianza lini hasa?"

"Mama."

"Nauliza tu. Mimi niliacha shule mapema."

"Miaka elfu moja mia tisa hamsini na minane iliyopita."

"Kulitokea nini siku hiyo?"

Roswitha alisita. "Mwalimu anasema hakikutokea kitu. Ni hesabu iliyokubaliwa tu."

"Watu wote wa dunia waliamka siku moja wakakubaliana kuanza kuhesabu, bila kutokea kitu."

"Mama, usije ukauliza hivyo mbele ya watu! Mimi sijali kilitokea nini." Sauti ya msichana ilipanda. "Mimi najali orodha. Wanachagua wiki hii. Kutoka darasa letu wanakwenda wawili tu shule ya juu. Mwalimu ameniahidi. Ameniambia, Roswitha, wewe utakuwa daktari, usifanye upuuzi wowote. Sikufanya. Nilikwenda sherehe ya vijana ya Chama, sikwenda kipaimara, bibi alilia, sikujali. Nimevaa shati la buluu la vijana wa Chama kila Jumatano. Upuuzi umeufanya wewe."

Egon alisema, "Usimsemeze mama yako hivyo," lakini alisema kwa upole, maana naye alikuwa akiwaza hivyohivyo.

"Anasema kweli," akajibu Wiltrud. Alivitoa viazi motoni, akavimwaga maji. "Nimekosea. Nitakwenda kesho nimwambie Lindner nimekosea, mkono ulizoea. Mtu hafungwi kwa mazoea."

"Na ukienda, tafadhali Mama, usiulize maswali."

"Siulizi."

Walikula viazi vilivyovurugika kwa chumvi na mafuta ya nguruwe. Roswitha, aliyekuwa ameapa kutosema neno tena, alishindwa.

"Lakini shaba ilivyokuwa inaingia ardhini," alisema. "Mliuona ule moto wa buluu siku ile? Ulisimama kama unasikiliza."

Kesho yake, kabla hajafika kwa Lindner, Wiltrud alipitia duka la mkate. Wanawake walikuwa wamepanga foleni, na mmoja, ambaye mume wake alikuwa wa kiwandani, akamwachia nafasi mbele, akainama kama anamwamkia malkia.

"Mpisheni, jamani. Mpisheni mke wa mchungaji."

"Bonasi ya wanaume wetu imezuiwa mpaka kengele isahihishwe," akasema mwingine, bila mzaha. "Mwanangu nilimwahidi viatu."

"Nakwenda sasa hivi kuweka sawa," Wiltrud alisema.

"Nenda, dada. Usiseme mengi."

Nje, bibi mmoja aliyevaa kilemba cheusi alimfuata hadi pembeni, akamshika mkono wa kulia, akautazama kama mtu anayetafuta alama, akaubusu upesi, kisha akaondoka akitazama huku na huku. Wiltrud aliona aibu kubwa zaidi kuliko aliyoiona ndani ya duka. Yeye hata kanisani alikwenda Krismasi tu, kwa ajili ya nyimbo.

Ndugu Lindner alimpokea amesimama. Alikuwa amewahi kuwa fundi viatu, na vidole vyake bado vilikuwa na makovu ya uzi. Alimvutia kiti, akammiminia kahawa ya mizizi ya chikori.

"Bi Wiltrud, najua hukufanya kusudi."

"Sikufanya kusudi, ndugu. Mkono umezoea. Nimekuja kusema hivyo."

"Wilayani wanatumia neno hujuma."

Wiltrud alikirudisha kikombe mezani.

"Nimewaambia sivyo," Lindner aliendelea. "Nimewaambia ni mabaki ya fikra za zamani katika mfanyakazi mwaminifu. Wamekubali, kwa masharti. Ijumaa, uani kiwandani, wafanyakazi wote wakiwepo. Utatoa ujumbe mfupi wa kuomba radhi. Kisha utachukua tindo na nyundo, uyatoe maneno yale kwa mkono wako mwenyewe. Neno 'Bwana' na 'wa', basi. Mwaka utabaki."

"Nafasi itaonekana. Palipokatwa patang'aa."

"Paonekane. Watu wajue tulisahihisha." Akakunja mkono wa shati lake, akaonyesha kovu refu lililopita chini ya kiwiko. "Wajua nilifungwa kambini miaka mingapi wakati wa Hitler. Huko kila mwenye kiboko tulimwita bwana. Bwana askari, bwana daktari. Ukisahau, unalala chini. Nilipotoka mle niliapa neno hilo halitaandikwa mahali ninapoishi mimi, wala kwa mbingu wala kwa ardhi. Miaka yetu ilikuwa ya hao mabwana muda mrefu wa kutosha, bi Wiltrud. Nataka mwanao ahesabu miaka iliyo yake."

Alisema kweli, na Wiltrud aliona anasema kweli. Aliyatazama makovu ya uzi vidoleni mwa mtu huyu na kwa mara ya kwanza tangu kengele ioshwe alitamani kuomba radhi kwa dhati.

"Mwanangu," alisema polepole. "Roswitha. Orodha ya shule ya juu."

"Iko mezani kwangu. Jina lake liko juu. Inaondoka Ijumaa hiyohiyo, baada ya mkutano." Aliukunjua mkono wa shati. "Sikutishi. Nakueleza jinsi vitu vilivyo."

"Nitakuja Ijumaa," akasema Wiltrud.

Ijumaa uani palijaa. Walikuwepo wa kiwanda chote, wanawake wa duka la mkate, walimu, na darasa la Roswitha limepangwa mstari katika mashati ya buluu. Kengele ilikuwa imening'inizwa kwenye fremu ya magogo, chini kiasi cha mtu kuweza kuigusa begani. Ilikuwa imepigwa msasa, imegeuka rangi ya asali. Begani yalisomeka maneno, na hakuna aliyeyatazama wazi na hakuna aliyetazama kingine.

Egon alisimama na wenzake wa tanuri. Alikuwa amenyoa mara mbili. Wiltrud alikuwa amevaa gauni la Jumapili kisha, dakika ya mwisho, aproni juu yake, maana kazi ya tindo ni kazi. Alikuwa amekwisha kujisemesha maneno nyumbani mbele ya sinki. Nimekosea. Mkono ulizoea. Naomba radhi. Hayakuwa magumu.

"Kabla ya yote," akasema mzee Vogt, "lazima ipigwe. Nipime sauti kabla ya kukatwa na baada ya kukatwa. Ndiyo kazi."

Lindner alikubali kwa kichwa. Mzee akachukua nyundo kubwa ya mti iliyofungwa ngozi, akaivuta nyuma, akapiga mara moja.

Mwanzoni ilikuwa kana kwamba hakuna kilichotokea, ila njiwa waliruka kutoka paa la karakana. Kisha sauti ikafika. Haikutoka kwenye kengele. Ilitoka kila mahali, ukutani, mawinguni, chini ya mbavu. Ilikuwa nzito na tamu, na ndani ya uzito ule palikuwa na nyingine nyembamba juu yake, inapanda, na nyingine chini, inazunguka, kama familia inayozungumza katika chumba kimoja. Ilipita juu ya paa, ikateremka mjini. Mahali fulani mbwa akabweka, akaacha. Madirisha ya barabara ya juu yalifunguka moja baada ya jingine, na kutoka humo watu walitoa vichwa bila kusema neno. Walikuwepo wazee waliokuwa hawajaisikia sauti ya namna ile tangu ya kwanza ilipochukuliwa. Walikuwepo watoto ambao hawakujua kwamba mji wao unaweza kuwa na sauti.

Roswitha alitoka mstarini. Hakuna aliyemzuia. Alikwenda mpaka kwenye kengele, akaweka kiganja chake juu ya tumbo la shaba, akakiacha pale, kinywa wazi. Machozi yalimtiririka na hakuyajua. Sauti ilikuwa ikiendelea ndani ya shaba muda mrefu baada ya masikio kuacha kuisikia, na yeye peke yake aliisikia kwa mkono.

"Bado inasema," alimwambia mama yake. "Mama, bado."

Ilipokwisha, hakuna aliyekohoa. Walisimama hivyo wote kwa urefu ambao kila mtu wa Brennrode aliujua bila kufundishwa, urefu wa sala. Wanaume walikuwa na kofia mikononi. Wiltrud alimwona Ndugu Lindner naye, kofia yake ya ngozi imeshikwa kifuani, uso wake ukiwa wa mtu aliyeamshwa. Alijiona anatazamwa. Akaivaa upesi.

"Ni kengele nzuri," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Kwa sababu hiyohiyo inastahili maneno ya kweli. Tuendelee."

Akatoa karatasi mfukoni. Akamtazama Wiltrud, akaona jinsi midomo yake ilivyokuwa ikitetemeka, na huenda ilikuwa huruma iliyomfanya aseme lililofuata.

"Mama ameguswa. Binti atamsomea. Ana sauti nzuri, alisoma mashairi kwenye sherehe ya vijana. Mama atasema ndiyo mwishoni, inatosha."

Roswitha aliondoa mkono kwenye kengele. Alipokea karatasi. Mwalimu wake akamwashiria kwa kidevu: soma. Msichana aliinua karatasi, na vidole alivyokuwa ameviweka kwenye shaba viliacha alama ya unyevu juu yake.

"'Mimi, Wiltrud Hessler,'" alianza, na sauti ilikuwa ile ya mashairi, ya juu na safi. "'Mimi, fundi wa herufi, natamka mbele ya wafanyakazi wenzangu kwamba nilipoandika juu ya kengele hii mikono yangu iliongozwa na giza. Nakiri kwamba nimeitia doa kazi ya watu. Kile nilichokifanya ni...'"

Aliyapitia maneno yaliyofuata kwa macho. Akaanza tena, chini zaidi. "'Kile nilichokifanya ni kibaya na hakina uzuri wowote, nami nakionea...'"

"Nakionea aibu," Lindner alimsaidia.

"'Nakionea,'" akasema Roswitha, akaishusha karatasi. Alimtazama mama yake. Hakuwa akiomba kitu. Alikuwa anangojea tu kuambiwa kama ni kweli, kama alivyokuwa akimngojea alipokuwa mdogo, gizani, amwambie kile kinachotikisika dirishani ni tawi.

Wiltrud alivuka ua. Aliichukua karatasi kutoka mkononi mwa mwanawe, polepole, isije ikachanika. Akaikunja mara mbili, akamrudishia Ndugu Lindner.

"Hii mtoto wangu haisomi."

"Vema. Isome wewe."

"Na mimi siisomi."

"Wiltrud," Egon alisema kutoka kwenye kundi la tanuri. Kisha akatazama chini.

Lindner alimsogelea, akashusha sauti wasisikie wengine, lakini uani palikuwa kimya hata wakasikia. "Bi Wiltrud, fikiri kwanza. Umeniahidi. Orodha inaondoka leo. Mimi sina chuki nawe. Ukikataa, sina namna, nitalikata jina. Unanielewa? Kwa mkono wangu mwenyewe nitalikata."

"Nakuelewa."

"Kwa ajili ya maneno mawili! Wewe hata kanisani huendi."

"Siendi." Alimtazama Roswitha, aliyekuwa mweupe kama karatasi ndani ya shati lake la buluu. Msichana hakutikisa kichwa wala hakuitikia. Alikuwa amerudisha kiganja chake kwenye kengele, kama mtu anayemshika ng'ombe asiogope.

"Nilikuja kuomba radhi kwa kukosea," alisema Wiltrud. "Nilikuwa tayari, liulize sinki la nyumbani kwangu. Uliyoyapata kambini nakupa pole, ndugu, na pole hiyo inatoka moyoni. Kengele ni ya mji. Tindo ile pale. Kama mnataka maneno yatoke, yatoeni, mna mikono. Lakini umemweka mwanangu hapa mbele za watu aseme kwamba hiki alichokisikia hakina uzuri wowote. Kina. Mmesikia wote, wewe pia umesikia, ulivua kofia."

"Bi Wiltrud, nakuuliza kwa mara ya mwisho, kwa ajili ya kumbukumbu za mkutano."

"Basi andika vizuri, wilayani wasisumbuke kusoma." Alifungua aproni, akaikunja, akaiweka chini kando ya nyundo. "Siombi radhi."